Karatasi Haitoki Getini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, wanawake kumi na wawili wa chumba cha ukaguzi walivua viatu na makoti, wakavaa aproni nyeupe zisizo na mifuko, wakanyoosha mikono mbele ya Johana wa getini ili atazame viganja vyao. Aproni hazikuwa na mifuko kwa sababu kiwanda kilitengeneza karatasi ya noti na pasipoti, na Kampuni iliamini kwamba mwanamke akipewa mfuko hakosi kutia kitu. Akeyo alikuwa wa nne kwenye mstari. Mume wake, Alfayo Opiyo, alikuwa ameingia ndani ya kinu Jumanne saa nne na robo, na hakutoka. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Chamgei, mama," Johana alimsalimu kwa Kikipsigis. "Pole sana."

"Nimeshapoa," Akeyo akajibu, akageuza viganja.

Kiwanda kilikuwa pale chai inapokwisha na msitu wa Mau kuanza, juu kidogo ya Kimulot. Kampuni ilipapenda kwa ajili ya mto, maana karatasi ya aina ile hunywa maji kushinda ng'ombe, na yawe maji safi. Pamba ilipanda kwa lori kutoka kule chini ziwani: si pamba nzuri, bali nyuzi fupi zinazong'ang'ania mbegu wakati ile nzuri imeshauzwa. Ilichemshwa kwa magadi makali, ikaoshwa, ikatiwa kinuni. Kinu chenyewe kilifanana na birika la kunyweshea ng'ombe, ila katikati lilizunguka gurudumu la visu, mchana kutwa, mpaka pamba iwe uji mweupe. Uji uliingia kwenye pipa la wavu wa shaba, na juu ya wavu fundi alikuwa ameinua nyaya kwa umbo la kichwa cha simba. Penye nyaya uji hukaa mwembamba. Karatasi ikikauka, ukiiinua mbele ya taa, simba anakutazama. Hiyo ndiyo alama ya maji, na bila hiyo pasipoti ni daftari tu.

Kinu kilikuwa na kifuniko cha bati mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka huo wa 1972. Meneja, Bwana Pritchard, aliamuru kiondolewe kwa sababu kukifungua na kukifunga kulikula dakika nne kila mara, na oda ya pasipoti ilikuwa imechelewa. Opiyo alilalamika mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa ni jambo la muda. Mara ya pili aliambiwa kama anaogopa maji, aende akachume chai.

Alipoteleza, mwenzake Ogeto alikimbilia swichi. Bwana Pritchard akamshika mkono. Alisema pamba iliyosagwa nusu haishikani, kinu kimalize zamu. Kilimaliza saa kumi jioni. Ogeto alipitisha ndoano toka upande huu hadi ule, akatoa mabuti mawili ya mpira, wala hakupata kingine. Mabuti yalikuwa mali ya Kampuni, yakasuuzwa na kurudishwa stoo.

Jumatano Akeyo alikwenda kwa karani wa wafanyakazi kuomba ruhusa ya matanga. Karani huyo, Ongeri, alikuwa mtu wa Kisii, mzee wa kanisa, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu. Alimvutia kiti, akammiminia chai.

"Mama Adhiambo, mimi siwezi kuandika kitu sijaona," alisema. "Fomu iko na sababu tano za mtu kuacha kazi. Kustaafu, kufukuzwa, ugonjwa, kutoroka, kufa. Kufa inataka barua ya daktari. Daktari anataka mwili. Mwili iko wapi?"

"Iko kwa kinu."

"Kinu wameshaosha." Ongeri alikuna kidevu kwa kalamu. "Sasa ona. Jumanne saa nne alikuwa kazini. Saa tano hakuwa kazini. Hakuomba ruhusa. Unataka niandike nini?"

Akaandika kwamba ametoroka. Alikausha wino vizuri, akamwambia Akeyo kwa upole kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na kwamba mke wa mtoro hapewi ruhusa ya matanga. Ndiyo maana Alhamisi, badala ya kukaa chini nyumbani na wafiwa wenzake, Akeyo alikuwa amesimama mezani kwake, taa inawaka chini ya kioo, akingoja bunda la kwanza.

Aliinua karatasi ya kwanza. Pale pa simba palikuwa na Opiyo.

Alikuwa amegeuka kidogo kushoto, kama alivyokuwa akifanya mtu akimwita kwa nyuma. Sikio lilikuwa na lile kovu la jembe la utotoni. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na pengo la meno sita ya chini, aliyong'olewa na wazee wake alipokuwa kijana kule Uyoma, lilionekana wazi. Akeyo aliinua ya pili, naye alikuwepo. Aliinua ya kumi.

Nyamoita, jirani yake mezani, mama mnene wa Kisii asiyejua kunong'ona, alikuwa ameshika ya kwake.

"Akeyo, huyu si baba Adhiambo?"

"Ndiye."

"Amekonda."

"Ni maji," Akeyo alisema. "Maji humfanya mtu akonde."

Wakaendelea kukagua, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Mpaka saa nne walikuwa wamepitisha karatasi elfu moja na mia mbili, kumi na nne wakazitoa: nane kwa mikunjo, tano kwa uzi wa chuma uliokatika, moja kwa sababu Opiyo alikuwa amefumba macho.

Bwana Pritchard alipoletewa habari alikuja na kioo cha kukuzia. Aliamuru mitambo yote isimame, wavu ufunguliwe, uoshwe kwa brashi. Nyaya za simba zilikuwa pale pale, hata sharubu. Wavu ukarudishwa, uji ukapita juu ya simba, na karatasi ikatoka na Opiyo. Kwa ajili ya uchunguzi huo kinu kilizimwa saa mbili nzima. Akeyo alisimama mlangoni akakitazama kilivyotulia, akagundua kwamba inawezekana kabisa kukizima.

Wiki iliyofuata mtaalamu aliletwa na wateja kwa ndege mpaka uwanja mdogo wa mashamba ya chai. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mafua. Alikaa na karatasi moja kwa nusu siku. Akaandika kwamba simba ni mnyama wa kawaida, kila mlaghai anamjua, tayari kuna watu wanaomchora vizuri kuliko Kampuni yenyewe. Lakini sura hii haina mfano. Pengo la meno, alisema, halighushiki. Alishauri simba aachwe. Wateja wakakubali, nakala moja ikatiwa sahihi na kufungiwa sefuni, na Bwana Pritchard akapongezwa kwa barua.

Palibaki jambo moja. Sheria ilitaka kila bunda lithibitishwe kwamba sura yake ndiyo ile ya sefuni, na sefu haikufunguliwa ovyo. Alihitajika mtu anayeijua sura hiyo kichwani. Ongeri alikumbuka mke. Basi Akeyo akapandishwa cheo kuwa mthibitishaji. Alipewa kiti kirefu chenye mto na penseli nyekundu, na kazi yake ikawa kutazama karatasi ya juu ya kila bunda na kuandika kwenye kikaratasi cha kando maneno mawili: Ni yeye.

Siku ya tatu ya cheo hicho, Ogola alifika.

Ogola alikuwa kaka mkubwa wa Opiyo, mtu wa maneno machache na koti zito alilolivaa hata kule ziwani kwenye joto. Alishuka basi na gunia begani. Johana alilifungua gunia pale getini, kwa kuwa kazi ni kazi, akakuta tunda la yago, refu, zito, la kijivu. Wajaluo huzika tunda hilo mahali pa mtu aliyezama ziwani au kufia vitani mwili wake usionekane. Hulichimbia kaburi la urefu wa mtu, wakalilia, wakalifukia, na mambo yakaisha. Ogola alikuwa amelileta ili mjane aliguse kwanza, ndipo arudi nalo akalizike bomani kwao.

Akeyo alimkuta ameketi juu ya jiwe nje ya uzio, gunia miguuni, ukungu wa asubuhi ukiwa haujaondoka kwenye chai.

"Nyar Alego," Ogola alisema, akimwita binti wa kwao Alego, "nimeskia kwa basi ati huyu mtu ameonekana."

"Ameonekana, baba."

"Ni yeye kabisa? Na pengo?"

"Na pengo, na sikio. Mimi ndiye naandika ni yeye."

Ogola alingoja wachumaji wa chai wapite na vikapu vyao. Kisha akalibingirisha lile tunda mtaroni.

"Basi hii haina kazi. Yago ni ya mtu amepotea. Huyu hajapotea, ako hapo ndani anatuangalia. Tukizika tunda na yeye mwenyewe ako, atatumaliza moja moja." Akapangusa mikono. "Sasa sikia, nyar Alego. Mvua imeanza kule. Watu wamelima, wengine wamepanda. Sisi hatuwezi kushika jembe na mtu hajazikwa, unajua. Mama yuko, mabibi watatu wako, watoto kumi na moko, pamoja na hao wako wawili wanakaa na mama. Wiki tatu ikipita, hakuna mahindi mwaka hii. Leta karatasi moja tu. Tutazika hiyo."

Hapo ndipo mzigo ulipomkalia Akeyo shingoni. Mume anaweza kusubiri, maana mfu hana haraka. Mvua haisubiri. Alimwambia Ogola akae kwa Johana, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Pritchard, aproni yake mwilini, jambo ambalo halikuruhusiwa.

Bwana Pritchard hakuwa mtu wa kufoka. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikata kalamu ya risasi kwa kisu.

"Pole sana, mama. Opiyo ilikuwa mtu mzuri. Lakini karatasi hapana toka. Hata mimi hapana toka nayo. Moja ikipotea, kiwanda nafungwa."

"Moja tu, Bwana. Hata ile amefumba macho. Hiyo ni mbovu, inarudi kinu."

"Hata hiyo." Akapuliza vumbi la penseli mezani. "Mtu ya kushika karatasi hii nje ya geti ni mtu ya pasipoti tu."

Alisema hivyo ili mazungumzo yaishe. Akeyo aliyachukua maneno yale kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo pekee aliyopewa. Alimrudisha Ogola nyumbani akawaambie wasubiri, akaazima viatu vya Nyamoita, na Jumatatu alipanda basi kwenda mjini kuomba pasipoti.

Ofisini alipanga foleni mpaka saa saba. Karani wa dirishani alikuwa msichana mwenye sweta ya kijani, kucha zimepakwa rangi, na sauti ya mtu aliyekwishachoka na watu tangu asubuhi.

"Unaenda wapi?"

"Uyoma."

"Uyoma haitaki pasipoti, mama. Nchi gani?"

Akeyo alifikiri. "Uganda."

"Kufanya nini?"

"Kuzika."

Msichana aliandika. "Umeolewa? Basi mume aandike barua ya kukubali. Bibi ya mtu hapewi pasipoti bila mume kukubali."

"Mume ndiye amekufa."

"Cheti ya kifo?"

"Hakuna. Wanasema ametoroka."

"Basi yuko hai," alisema msichana bila ubaya. "Na kama yuko hai, aandike."

Kando ya kidau cha wino palikuwa na pasipoti mpya iliyongoja mwenyewe aje kuichukua. Akeyo aliingiza mkono dirishani, akafunua ukurasa, akauinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Opiyo aliwatazama wote wawili, mdomo wazi.

"Huyu hapa mume wangu."

Msichana aliinama akamtazama kwa makini, kisha akamtazama Akeyo.

"Huyu tunamwona kila siku," alisema. "Sijakataa ni bwana yako. Lakini hata kama ni yeye, aandike." Akaifunga pasipoti, akaita mtu wa nyuma.

Safari ya kurudi ilimchukua Akeyo mpaka jioni. Mvua ya mawe ilipiga kuanzia Kiptere, ikachana majani ya chai pande zote mbili za barabara, na ndani ya basi watu walizungumza juu ya hasara ya mashamba. Yeye alikuwa na hasira, hasira kavu isiyo na machozi, na hasira yenyewe ilimwelekea Opiyo. Mtu mzima anaonekana katika kila ukurasa, anafika kwenye meza za wakubwa, anapigwa muhuri, lakini neno moja la kumsaidia mkewe halimtoki.

Kesho yake alimwambia. Aliinua karatasi ya bunda la kwanza, akaisogeza karibu na uso kama anayetafuta mkunjo.

"Baba Adhiambo," alisema kwa Kijaluo, "wanataka uandike. Usipoandika, watoto hawatakula mwaka huu."

Kisha akaandika Ni yeye kwenye kikaratasi, bunda likaenda.

Wiki nzima haikuleta kitu. Ijumaa alasiri Nyamoita akapiga mayowe, si ya kushangaa, ni yale ya kumwita mtu aliye mbali, ingawa Akeyo alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

"Akeyo! Njoo usome! Mzee ameandika!"

Chini ya kidevu cha Opiyo, ndani ya karatasi yenyewe, palikuwa na mistari miwili ya maandishi yenye kuruhusu mwanga. Akeyo aliujua mwandiko kabla ya kuyasoma maneno. Opiyo alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru, na herufi zake zote zililala upande mmoja kama majani ya mahali penye upepo. Iliandikwa: Mimi Alfayo Opiyo nimekubali mke wangu Akeyo apewe pasipoti aende anakotaka. Ni mimi.

Akeyo akalia. Alikuwa hajalia tangu ile Jumanne, na sasa alilia amesimama, kwa sauti, karatasi imeinuliwa juu isije ikalowa, maana hata kwenye furaha alikumbuka kwamba karatasi ikilowa huhesabiwa mbovu. Wanawake wengine walimzunguka, kila mmoja na karatasi yake, wakasomeana kwa zamu. Zilikuwa elfu kumi na mbili, na katika zote alikuwa amekubali.

Ongeri alipiga simu mjini kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo ni haki lisemwe. Alieleza kwa kirefu. Jibu lilikuwa fupi: kukubali kwa mume huandikwa kwenye fomu ya ofisi, hakuandikwi ndani ya karatasi ya pasipoti, na kama hiyo karatasi ingekuwa ushahidi basi ingeletwa ofisini. Ongeri akaweka simu chini.

"Wanataka iletwe," alimwambia Bwana Pritchard.

"Hapana toka," alisema Bwana Pritchard.

Alichukua kioo chake cha kukuzia, akalinganisha na nakala ya sefuni. "Uso sawa. Maneno hapana sawa. Hii yote imeharibika." Na kwa kuwa mwenye kusema ni nzuri au ni mbovu sasa alikuwa mthibitishaji, alimpa Akeyo penseli yake nyekundu. Akasema anaelewa ni kazi ngumu. Akasema pia kwamba kama haiwezi, viko viti vingine na watu wengine wa kuvikalia.

Akeyo aliwaza mvua. Aliwaza hao wawili wake, na wale tisa wengine. Lisilo budi hutendwa. Aliketi kwenye kiti chake cha mto tangu asubuhi ya Jumamosi hadi saa sita, akaandika juu ya kila bunda: Si yeye. Mkono ulimuuma mpaka begani.

Kulikuwa na sheria ya karatasi iliyokataliwa, ambayo Kampuni iliileta pamoja na mitambo kutoka kwao. Aliyeikataa ndiye anayeisindikiza. Anaiandama mpaka kinuni, anasimama mpaka ya mwisho izame kwenye uji, kisha anatia sahihi kwamba ameona kwa macho yake. Siku za kawaida zilikuwa karatasi kumi, ishirini, na mkaguzi mmoja alizibeba kwapani. Lakini hizi zilihitaji mikokoteni sita, na mikokoteni sita ilihitaji wanawake kumi na wawili.

Walitoka chumba cha ukaguzi saa saba, wawili wawili, aproni nyeupe, miguu mitupu kwenye saruji baridi. Akeyo alitangulia. Hakuna aliyepanga jambo lolote. Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini Akeyo sauti ilikuwa imemwishia, basi alianza Nyamoita. Alianza kwa Kigusii, wimbo wa kwao wa kumtoa mtu nyumbani kumpeleka kaburini, sauti yake ikijaa kwenye mabati. Wale wa Kijaluo wakamjibu kwa wa kwao. Nyimbo hazikufanana ila ziliendana mwendo. Mafundi wa pipa walivua kofia. Ongeri alitoka ofisini, akasimama na Biblia yake mbele ya tumbo, akauinamisha uso.

Ogola alikuwa nje ya uzio. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kuuliza, maana kule nyumbani wiki tatu zilikuwa zimebaki siku tatu. Johana hakuweza kumruhusu aingie. Alichoweza ni kumsogezea kreti ya soda, Ogola akapanda juu yake, akaona.

Kinuni alikuwa Ogeto, amevaa mabuti ya Opiyo. Kifuniko kilikuwa bado hakijarudi. Ogeto alikuwa amepiga mstari wa chokaa sakafuni, hatua mbili kutoka ukingoni, na hakuuvuka ila akiitwa na kazi. Alimsogelea Akeyo ili amtilie bunda la kwanza, Akeyo akamkataza. Alichukua karatasi moja, akaisoma tena, akaiachia. Ilielea kidogo na uso umetazama juu, kisha gurudumu likaivuta.

"Alfayo Opiyo," Akeyo alisema, kwa sauti iliyobaki. "Mwana wa Uyoma. Umefanya kazi hapa miaka sita. Hukutoroka."

Halafu Nyamoita akatupa yake, na Ogeto yake, na kila mmoja kwa zamu, mpaka fundi wa bomba ambaye hakuwahi hata kuzungumza na marehemu. Baada ya hapo wakamwaga mabunda. Ongeri alisali sala fupi ya kanisani kwake. Bwana Pritchard alisimama kwenye ngazi ya ofisi akatazama saa yake mara mbili, lakini hakuwaharakisha, na watu walimhesabia wema.

Ya mwisho ilizama saa nane na dakika tano. Akeyo akatia sahihi kwamba ameona. Kisha akatembea mpaka kwenye uzio, mikono yake myeupe kwa uji hadi kwenye viwiko.

"Amezikwa?" aliuliza Ogola kutoka juu ya kreti.

Akeyo alimtazama. Nyuma ya Ogola palikuwa na chai mpaka macho yanapoishia, na juu yake mawingu mazito yakielekea chini, upande wa ziwa.

"Amezikwa, baba."

"Umeona na macho yako?"

"Nimeona. Nimeweka na sahihi."

Ogola alivua kofia, akaishika kifuani. Alisema atampelekea mama habari. Alisema wataanza na shamba la chini, lililo na unyevu, na kesho kutwa mbegu ziwe ardhini. Johana alimsindikiza hadi stendi ya basi na kumbebea gunia tupu.

Jumapili kinu kilipumzika. Jumatatu saa mbili kamili Akeyo aliketi kwenye kiti cha mto, bunda la kwanza likaletwa likiwa na joto bado, akainua karatasi ya juu mbele ya taa. Opiyo alikuwa amefika kazini. Maandishi hayakuwepo tena. Alikuwa ameinua kidevu, sikio liko mahali pake, pengo liko wazi, sawasawa na alivyo kwenye nakala ya sefuni, na macho yake yalimtazama mke wake bila kupepesa.

Nyamoita alisogea akachungulia begani kwake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona.

"Utamwambia Ogola?"

"Ameshapanda," Akeyo alisema.

Barua ya Ogola ilifika mwezi wa sita. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, mama amepata nguvu, watoto wote wawili wanamsalimu. Aliuliza atakuja lini anyolewe nywele, awe mjane kama wajane wengine, maana watu wameanza kuuliza. Ongeri alimsomea barua hiyo wakati wa chai, kwa sauti nzuri ya kanisani, akauliza kama anataka ajibiwe. Akeyo alisema baadaye. Akarudi kwenye kiti, akachukua penseli, akainua karatasi.

Ni yeye, aliandika, akavuta bunda lingine.